Cibitoke na umeme wa Burundi: kwa nini jenereta bado zinaunguruma

Kuna Cibitoke mbili nchini Burundi, na madereva wageni huzichanganya. Moja ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Ngagara, Mutakura na Kinama. Nyingine ilikuwa mkoa mzima mpakani na Rwanda na Kongo, hadi mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ilipounganishwa ikawa mitano na Cibitoke ikaingizwa katika mkoa wa Bujumbura. Makala haya yanahusu ile ya mjini, ingawa sehemu kubwa ya umeme wake imekuwa ikitoka upande wa ile nyingine, kwenye mto Ruzizi.

Mtaa huu unaishi kwa kazi zinazohitaji umeme kila saa: vinyozi, mafundi wa kuchomelea, mashine za kusaga, maduka ya vinywaji baridi, friza za samaki. Umeme ukikatika, au ukiwa umewekwa kwenye zamu za mgawo ambazo wenyeji huziita delestaji, mwenye jenereta anawasha na asiye nayo anafunga. Kila anayeleta mzigo hapa, awe wa samaki, wa maziwa au wa betri, anagusana na kero hiyo hata kama hajui.

Kero yenyewe ina sura ya ajabu. Nchi nyingi zinazozungumzia nishati safi zinatafuta namna ya kuacha makaa ya mawe. Burundi haina kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha kuacha. Umeme wa gridi yake kwa miaka mingi umekuwa hasa wa maji, yaani kwa sehemu kubwa tayari ni safi. Hewa chafu iko katika dizeli ya jenereta na katika magunia ya makaa ya kupikia, na vyote viwili vinashamiri kwa sababu umeme huo safi ni kidogo na hautegemeki. Sera inayohesabu megawati zinazozinduliwa bila kuhesabu saa ambazo waya wa mtaani una umeme inamwacha mfanyabiashara pale pale.

Umeme unatoka wapi

Anayeuza umeme ni Regideso, shirika la serikali la maji na umeme. Wateja wengi wa Bujumbura wananunua kabla ya kutumia, kwa mita inayojulikana mitaani kama Cash Power. Vituo vya ndani ni vidogo. Kikubwa kwa muda mrefu kilikuwa Rwegura, pembezoni mwa msitu wa Kibira, chenye megawati 18 tangu mwaka 1986. Mugere, kusini mwa Bujumbura, kina megawati 8. Kwa miongo kadhaa vituo vyote vya maji vya ndani kwa pamoja vilikuwa chini ya megawati 40. Kiwanda kimoja kikubwa cha saruji katika nchi jirani kinaweza kula karibu kiasi hicho peke yake.

Kilichobaki kinatoka kwa jirani. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni mali ya SNEL ya Kongo. Ruzizi II, megawati 43.8, ilianza mwaka 1989 na inaendeshwa na SINELAC, kampuni ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo. Mito ya ndani na Ruzizi ina udhaifu mmoja: mvua. Katikati ya miaka ya 2000 kina cha Ziwa Kivu, ambalo ndilo tangi la Ruzizi, kilishuka kwa sababu ya ukame na ya mitambo kuvuta maji kuliko yaliyokuwa yakiingia. Rwanda ilikodi mitambo ya dizeli. Bujumbura ilikaa gizani kwa zamu. Jiji hilo lina kituo chake cha dizeli pia, na hapo tatizo la umeme linageuka kuwa tatizo la mafuta.

Miradi mipya ipo na ni ya kweli. Rusumo, megawati 80 kwenye mto Kagera, ni ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na kila nchi ina haki ya karibu megawati 27. Ilianza kutoa umeme mwaka 2023. Lakini tazama ratiba yake: shirika la bonde la Kagera, ambalo bwawa la Rusumo lilikuwa mradi wake mkubwa, liliundwa mwaka 1977. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na miaka 46 balbu ya kwanza ilipowaka. Jiji na Mulembwe, vituo viwili vya kusini mwa Burundi vyenye megawati 49.5 kwa pamoja, vilipata fedha za Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na wengineo. Kabu 16 kwenye mto Kaburantwa, megawati 20, ilijengwa kwa mkopo wa India na ujenzi ukachelewa sana. Ruzizi III ilianza kutajwa kwa megawati 147 na sasa michoro inasema 206, zigawanywe sawa kwa nchi tatu. Mwaka 2025 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake, mwaka ule ule ambao vita vilifika Bukavu.

Megawati na waya

Mhandisi akisema nchi imeongeza megawati, hajasema zitafika lini Cibitoke. Kati ya kituo na friza kuna nyaya za msongo mkubwa, vituo vya kupozea, transfoma za mtaani na waya wa nguzo hadi nguzo. Mtaa ukijaa watu na mashine huku transfoma ikibaki ile ile, umeme unashuka nguvu jioni: taa zinafifia, kompresa ya friza inahangaika na mwisho inaungua. Kwa mwenye friza hii ni mbaya kuliko giza kamili, maana giza haliunguzi mashine. Kifaa cha kulinda friza dhidi ya umeme mdogo ni bei ndogo ukilinganisha na kompresa, na anayeleta bidhaa za umeme Bujumbura angefanya vyema kukibeba.

Kisheria mlango umefunguliwa zamani. Sheria ya Agosti 2000 iliruhusu wawekezaji binafsi katika maji na umeme, na ile ya tarehe 23 Aprili 2015 ikapanga upya sekta ya umeme. Hata hivyo kituo cha kwanza kikubwa cha mzalishaji binafsi kilikuja mwaka 2021: Mubuga, mkoani Gitega, megawati 7.5 za jua, kilichojengwa na Gigawatt Global. Miaka 21 tangu sheria ya kwanza. Sababu si ukosefu wa jua. Mradi wa namna hii hukopwa kwa dola na umeme wake huuzwa kwa wananchi kwa faranga, na mtu lazima aibebe tofauti. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipunguza thamani ya faranga kwa karibu asilimia 38 kwa mkupuo, na bado soko la mitaani liliendelea kuuza dola kwa bei ya juu zaidi. Mwekezaji anayeona hivyo anadai dhamana, na serikali isiyo na dola haina cha kumpa.

Mpango mpya zaidi ni wa Septemba 2025, Burundi ilipokuwa miongoni mwa nchi 17 zilizowasilisha mikataba yao ya nishati chini ya Mission 300, ile ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 takwimu za Benki ya Dunia ziliweka wenye umeme nchini Burundi karibu asilimia 10. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumika ni kuni na makaa.

Mji jirani unaonyesha kwamba inawezekana. Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, uliishi kwa jenereta za dizeli za TANESCO kwa miaka mingi. Kisha gridi ya taifa ilifika na mitambo hiyo ikazimwa. Haikuhitaji kituo kipya Kigoma, ilihitaji waya.

Mafuta nayo

Tangu mwaka 2021 Burundi imepitia vipindi virefu vya uhaba wa mafuta. Foleni zilikaa siku kadhaa, esansi ikauzwa kwa chupa kwa bei ya magendo, na wengi walivuka Gatumba kutafuta mafuta Uvira. Kwa muda Regideso, shirika lile lile la maji na umeme, lilipewa hata kazi ya kuagiza mafuta ya nchi, kabla ya kampuni ya serikali ya SOPEBU kuanzishwa. Dola zinazoagiza mafuta ni zile zile zinazotakiwa kununua transfoma.

Kwa msafirishaji, somo la miaka hiyo lilikuwa kuingia Kobero na tangi lililojaa upande wa Tanzania. Kwa mwenye duka Cibitoke hesabu ni nyingine. Jenereta ndogo ya esansi ikibebeshwa mzigo wake kamili hutoa takribani uniti 2 kwa lita. Lakini mwenye duka huwasha jenereta kwa ajili ya friza moja na taa mbili. Friza ya lita 300 hutumia kama uniti 1.5 hadi 2 kwa siku nzima. Jenereta ikiungurumishwa saa 8 kwa ajili yake inaweza kunywa lita 4, na kila lita ya esansi inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Ananunua lita nne kwa kazi ya lita moja. Hakuna biashara inayostahimili hivyo, ila ile ya muuza esansi.

Paneli za kilowati 1 kwa jua la Bujumbura hutoa karibu uniti 4 kwa siku, pungufu wakati wa mvua. Zinatosha friza hiyo, taa na simu. Gharama iko kwenye betri. Mwenye samaki anaweza kuipunguza kwa kugandisha barafu nyingi mchana na kuiacha ilinde mzigo usiku. Barafu ni betri isiyolipiwa ushuru. Mashine ya kusaga ni habari nyingine kabisa. Mota yake ya kilowati 11 au 15 haisukumwi na paneli nne za juu ya bati, na muuzaji anayeahidi hivyo anatafuta pesa ya haraka. Wasagaji wataendelea kuingoja Regideso au kununua dizeli.

Kwa anayeleta vifaa vya sola

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa forodha kwa vifaa maalumu vya jua na upepo pamoja na betri za kuhifadhi umeme wa jua. Utata unaanza kwenye namba. Paneli zilizounganishwa ziko 8541.43 tangu toleo la 2022. Karatasi za zamani zinaandika 8541.40, na tofauti hiyo peke yake inaweza kusimamisha lori. Inveta ni 8504.40. Betri za lithiamu ni 8507.60. Betri ya asidi ya kuwashia gari ni 8507.10 na haihesabiki kuwa ya sola hata ukiiandika hivyo kwenye ankara. Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) inaijua mbinu hiyo. Kodi ya ongezeko la thamani ni ya kila nchi na hubadilika: Kenya iliondoa msamaha wa vifaa vya sola mwaka 2020, ikaurudisha 2021. Uliza kabla ya kulipia mzigo, si mzigo ukiwa bandarini.

Barabarani, betri za lithiamu ni shehena ya hatari ya daraja la 9, namba UN 3480. Za asidi ya majimaji ni daraja la 8, UN 2794. Zisipakiwe pamoja na mafuta wala chakula. Uzito wa juu wa lori lenye ekseli saba katika Jumuiya ni tani 56. Paneli hazijazi uzito. Zinajaza nafasi, na hapo ndipo wapakiaji hukosea kwa kuweka mizigo mizito juu yake. Zisimamishwe wima kama watengenezaji wengi wanavyoagiza. Kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 1,500, na seli iliyopasuka ndani ya kioo haionekani kwa macho. Inagundulika inapopimwa, kwa kawaida Bujumbura, baada ya dereva kusainiwa karatasi na kuondoka.