Safari ya Msafiri

Safari ya Msafiri ni kisa cha mafumbo cha Mwingereza John Bunyan (1628–1688), kilichochapishwa London mwaka 1678. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1684. Kinamsimulia Mkristo, mtu anayeukimbia Mji wa Uharibifu akiwa na mzigo mgongoni, akielekea Mji wa Mbinguni. Ukiacha Biblia, ni vitabu vichache vya Kikristo vilivyofika mbali kama hiki: kimefasiriwa katika lugha zipatazo 200, na takriban 80 kati yake ni za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

Bunyan alizaliwa Elstow, karibu na Bedford, akarithi kazi ya baba yake ya kuziba masufuria. Shule aliisoma kidogo tu. Mke wake wa kwanza alipoolewa alikuja na vitabu viwili vya dini, na hiyo ndiyo karibu mali yote waliyoanza nayo. Mwaka 1660 Bunyan alikamatwa kwa kuhubiri nje ya Kanisa la Uingereza. Angeahidi kunyamaza angeachiliwa; hakuahidi, akafungwa miaka 12. Humo gerezani alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, ili watoto wake wale, akiwamo Mary aliyekuwa kipofu.

Mhubiri hueleza imani ni nini. Msimulizi humchukua msikilizaji akatembee nayo. Katika kisa hiki mzigo wa Mkristo unadondoka wenyewe mbele ya msalaba, mapema kabisa, na sehemu kubwa ya njia bado haijaguswa. Anayedhani kuokoka ndiko kufika hana budi kufikiri upya. Mbele kuna Soko la Ubatili, ambako vyeo, nchi na hata roho za watu vinauzwa, na ambako mwenzake Mwaminifu anahukumiwa na kuchomwa moto.

Lakini kiini cha kitabu, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ni Ngome ya Shaka. Mkristo na mwenzake Tumaini hawafiki huko kwa kuasi. Njia ilikuwa ya mawe, miguu ikawauma, wakachepuka kwenye njia laini iliyoonekana kwenda sambamba na ile yao. Jitu liitwalo Kukata Tamaa linawafungia gizani tangu Jumatano hadi Jumamosi, linawapiga, kisha linawashauri wajiue. Usiku wakiomba, Mkristo anakumbuka kwamba kifuani ana ufunguo uitwao Ahadi. Alikuwa nao siku zote hizo. Bunyan aliijua hali hiyo: katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1666 alieleza miaka ya hofu kwamba Mungu amemwacha. Ndiyo maana hamlaumu Mkristo kwa kusahau, wala hadai kwamba mwenye imani hapatwi na shaka.

Waliokisoma wakiwa mashakani walikielewa upesi. Nchini Madagascar, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipowatesa Wakristo, waumini walikinakili kwa mkono na kukisoma mafichoni. Huko Afrika Kusini, mchungaji Tiyo Soga alikifasiri kwa Kixhosa katika miaka ya 1860.

Kipo kikwazo kimoja ambacho msomaji wa kwetu hawezi kukiruka. Mkristo anaondoka peke yake, ameziba masikio huku mke na watoto wakimlilia arudi. Jibu limo katika sehemu ya pili, ambayo wengi hawaifikii, nao wanakosa mengi. Humo mkewe Kristiana anashika njia hiyo hiyo pamoja na wanawe wanne na jirani yake Rehema, wakiongozwa na Moyo Mkuu. Njiani wanajiunga nao wenye woga, dhaifu wa akili na kiwete wa magongo mawili. Dhaifu anasita, asije akawachelewesha. Moyo Mkuu anamjibu kwamba watamngoja, wala hataachwa nyuma.