Firasa na Mizani

Mtu akitoka Kikwajuni Bondeni kwenda Mji Mkongwe hana budi kupita ubavuni mwa Mnazi Mmoja. Kiwanja hicho kimekwisha kuona gwaride, mikutano, gofu na kriketi ya wakoloni, na zaidi ya yote mpira wa vijana wa Ng'ambo. Jioni, katika mabaraza ya Kikwajuni, kabla ya mchezo wowote mkubwa huanza kazi ya kupima: timu hii imeshinda mara ngapi katika michezo mitano iliyopita, imeshinda nyumbani au ugenini, nani goti linamsumbua, mvua ikinyesha, uwanja utamfaa nani. Wapimaji hao wanatumia hesabu ambayo Waingereza waliizoea kwa farasi kabla ya kuizoea kwa mpira. Kalenda ya kuorodhesha matokeo ya mbio za farasi ilichapwa Uingereza tangu 1727, ilhali sheria za mpira wa miguu za chama chao ziliandikwa 1863. Na katika hadithi ya farasi hao, Unguja ina sehemu yake, ndogo lakini si ya kusahauliwa.

Yako maneno mawili yanayotufaa kulifungulia jambo hili. La kwanza ni firasa, yaani kuujua undani wa kitu kwa kuitazama sura yake ya nje. Kwa Kiarabu neno hilo lina herufi zile zile tatu, fe, re na sin, zilizozaa faras, ambaye kwetu ni farasi, na faris, mpanda farasi, ambaye Kiswahili kimemwita farisi na kumpandisha cheo akawa bingwa wa jambo lolote. La pili ni mizani. Mshairi huijua kwa hesabu ya silabi za mshororo, mwenye duka huijua kwa chombo chake, na katika viwanja vya mbio vya Uingereza mpandaji hupandishwa juu ya mizani pamoja na tandiko lake kabla farasi hajakanyaga kiwanja. Firasa huusoma mwili wa mnyama. Mizani husoma daftari lake.

Farasi hakuwa mnyama wa kawaida katika mwambao wetu. Bara, mbung'o walimzuia. Na hata pale pasipo mbung'o yalikuwapo maradhi yanayoenezwa na usubi, ambayo huweza kumuua farasi mgeni kwa siku chache. Kwa hivyo farasi wa Unguja aghlabu alikuwa mgeni aliyevushwa bahari kutoka Uarabuni, akawa mnyama wa wafalme na matajiri, na kazi za kila siku akaachiwa punda. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anawataja farasi na punda weupe wa Maskati katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na msomaji huona kwamba kuwapanda kulikuwa ni sehemu ya malezi ya watoto wa jumba lile. Lugha nayo ilihifadhi vyombo vyote: lijamu, hatamu, seruji, kikuku. Ikahifadhi na mwendo: farasi huenda shoti, na punda mwema huenda telki.

Baba yake Salme, Sayyid Said bin Sultan, aliwatumia farasi kama maneno ya salamu. Mwezi wa Aprili 1840 jahazi yake Sultana ilitia nanga New York, nahodha wa mambo yote akiwa Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais Van Buren hakuweza kuzipokea zawadi hizo kwa nafsi yake; Kongresi ikaamua, farasi wakauzwa kwa mnada, na fedha zikaingia katika hazina ya serikali. Miaka miwili baadaye, 1842, jahazi hiyo hiyo ilifika London na mjumbe Ali bin Nasur, akiwa na lulu, shali za Kashmiri, attari ya waridi, na farasi wanne kwa ajili ya Malkia Victoria.

Zawadi hiyo ilikuwa na heshima kubwa kuliko wengi walivyotambua, kwa sababu farasi wa mbio wa Kiingereza ni mjukuu wa farasi kama hao. Madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18 ndio mababu wa kizazi chote hicho kwa upande wa baba. Mmoja wao alinunuliwa Halab, Shamu, mwaka 1704, na farasi walio wengi mno wanaoshindana leo hurejea kwake. Lakini kufikia 1842 mjukuu alikuwa amekwisha kumkimbia babu yake. Waingereza walikuwa wamefungua kitabu cha nasaba mwaka 1791, wakioanisha mshindi na mshindi kizazi baada ya kizazi. Farasi wa Sayyid Said, hata wangekuwa na nasaba tukufu namna gani, hawakuwamo katika kitabu hicho.

Isidhaniwe kwamba Waarabu walitazama tu macho na kifua bila ya hesabu. Ni kweli kwamba walikuwa na ishara zao: paji pana, kifua kipana, mgongo mfupi, jicho safi. Ila walikuwa na elimu ya maandalizi pia. Farasi alinenepeshwa kwanza, kisha akapunguzwa kwa chakula na jasho mpaka nyama ikakaza. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi walioandaliwa hivyo kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita au zaidi, na wale wasioandaliwa akawapa masafa ya maili moja tu, hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Abdullah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Huko ni kuwagawa washindani kwa hali zao, jambo ambalo kila kiwanja cha mbio duniani hulifanya hadi leo.

Walikuwa pia na majina kumi ya kufika, kutoka wa kwanza hadi wa kumi. Wa pili huitwa musalli, kwa kuwa kichwa chake kimefika kwenye salaa, yaani kiuno cha nyuma, cha aliyemtangulia. Atakayelisikia neno hilo Unguja atadhani ni mtu aliye juu ya msala. Wa mwisho huitwa sukayt, na jina lake linatokana na kunyamaza.

Mafakihi wa Kishafii, ambao wengi wa watu wa visiwa hivi huwafuata, wameliwekea jambo hili mlango wake. Imamu Nawawi anao katika Minhaj. Wawili wakiweka fedha, kila mmoja fungu lake, na mshindi achukue zote, hiyo ni kamari. Akiingia wa tatu asiyeweka kitu, mashindano huwa halali, lakini kwa sharti kwamba farasi wake awe wa kadiri ya wale wawili: aweze kushinda na aweze kushindwa. Kumwingiza farasi ambaye ushindi wake una hakika ni kuirejesha kamari kwa mlango wa nyuma. Na mtazamaji asiye na farasi, anayeweka fedha kwa ubashiri wake, hakufunguliwa mlango wowote. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba fakihi amelifanya shaka kuwa sharti la uhalali.

Mwingereza, kwa sababu zake mwenyewe, alifika karibu na hapo. Admirali Henry John Rous, aliyefanywa mpimaji wa uzito wa mbio mwaka 1855, alishika kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna farasi mwenye hakika. Aliye hodari aliongezewa risasi katika tandiko. Aliye dhaifu alipunguziwa. Farasi mchanga alibeba uzito mdogo kuliko mkubwa, na tofauti hiyo ilipungua kadiri mwaka ulivyosonga na mifupa yake kukomaa. Shabaha ya mpimaji, ambayo haijapata kutimia hata siku moja, ni farasi wote wafike mstari pamoja.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya mbashiri, kwani mbashiri hutafuta pale alipokosea mpimaji. Mbele ya jina la kila farasi huchapwa safu ya tarakimu, ya mwisho kulia ikiwa ndiyo mbio ya karibuni. Moja ni ushindi, tano ni wa tano, sufuri ni kufika nyuma ya wa tisa. Anayeanza huishia kwenye tarakimu. Aliyezoea huuliza: hiyo moja ilipatikana mbele ya nani? Na hiyo sufuri, je, ardhi ilikuwa tope na farasi huyu hupenda ardhi ngumu? Alibeba ratili ngapi siku ile, na leo amebebeshwa ngapi? Masafa yanapokuwa marefu, kila ratili huzidi kuwa nzito. Safu mbili za tarakimu zinazofanana huweza kuwa za farasi wasiofanana hata kidogo, kama vile mishororo miwili yenye mizani sawa isivyolazimu kuwa mashairi mawili mema.

Mwaka 1885, huko Newmarket, firasa na mizani vilikutanishwa uwanjani. Wapenzi wa farasi wa Kiarabu walimleta Asil, jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Dhidi yake alisimamishwa farasi wa Kiingereza wa daraja la kawaida tu, aliyeitwa Iambic. Na hilo ni jina la mizani ya ushairi wa Kiingereza. Masafa yalikuwa maili tatu. Iambic alibebeshwa zaidi ya ratili 60 juu ya uzito wa mwenzake, na bado Asil aliachwa mbali kwa masafa ya farasi ishirini.

Hata hivyo mizani haikupata ufalme kamili. Farasi anayependelewa na wengi katika mbio za Uingereza hushinda takriban mara moja katika tatu. Yaani akili za umati mzima, pamoja na madaftari yake, hukosea mara mbili. Katika pengo hilo ndimo alimoishi Ras Prince Monolulu, aliyevaa manyoya kichwani akiuza ubashiri ndani ya bahasha na kudai kwamba ni mkuu wa Wafalasha wa Uhabeshi. Kwa kweli aliitwa Peter McKay na alizaliwa kisiwa cha St Croix, Karibi. Mwaka 1920 alimtaja Spion Kop katika Derby, naye akashinda, na sifa ya siku ile ikamlisha mpaka alipokufa mwaka 1965. Kwa wanunuzi wake, Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali pa kutokea siri.

Afrika ya Mashariki yenyewe ilikuwa na shughuli nyingine. Beryl Markham, aliyekulia Njoro kwenye farasi za baba yake, anasimulia katika kitabu chake cha 1942 jinsi alivyomlea farasi hodari Wrack, akanyang'anywa na kukabidhiwa mwalimu mwingine karibu na mbio za St Leger za Nairobi. Akabaki na jike Wise Child, mwenye kano dhaifu za miguu. Daftari lilimtaka Wrack. Mlezi alijua kile ambacho daftari halina safu yake: ni kiasi gani jike yule angevumilia maumivu. Wise Child alishinda, mwaka 1926.

Lamu, wakati wa Maulidi, punda hushindanishwa kandoni mwa bahari. Hapana tandiko wala mizani. Wiki nzima punda huyo amebeba mchanga na mawe ya kujengea, na wanaomtazama wanamjua yeye, bwana wake, na kijana aliye mgongoni. Hutazama masikio, hutazama kwato, wakabishana. Kisha mbio huanza, na aliyetangulia akifika penye uchochoro wa nyumbani kwake, huweza kukata kona akaingia.