Kwa nini picha ya bibi inafifia?

Wengi mnaniuliza mbona picha ya bibi inayozunguka kwenye simu za ukoo inazidi kuharibika, wakati picha ya kompyuta haipigwi jua wala hailiwi na mchwa. Jibu lake lina historia.

Picha ya rangi kwenye kompyuta ni namba tupu. Kila nukta ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Picha ndogo ya nukta 640 kwa 480 inafika baiti 921,600. Kwa intaneti ya laini ya simu ya miaka ya 1990, kilobiti 56 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika mbili kwa picha moja!

Aliyefungua njia ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Kansas State hapa Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za serikali kutafiti wazo lake la hesabu, akanyimwa. Hakukata tamaa. Januari 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakalichapisha. Kundi la wataalamu liitwalo JPEG, lililoundwa 1986, likalitumia katika kanuni zake zilizopitishwa 1992.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kwanza mwanga hutenganishwa na rangi. Jicho letu huona tofauti za mwanga vizuri kuliko za rangi, kwa hiyo rangi hupunguzwa. Kisha picha hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8. Hesabu ya Ahmed hutenga mambo makubwa ya kila kipande na yale madogo madogo, kama nyuzi za kitambaa. Mengi ya hayo madogo hutupwa, na faili hubaki kama sehemu moja ya kumi. Ukiifungua, kompyuta hupiga hesabu kinyumenyume na kuijenga upya.

Lakini kilichotupwa hakirudi. Kuitazama hakuiharibu, kuibana upya kila inapotumwa ndiko kunakoimaliza. Ndiyo maana uso wa bibi umeanza kuwa vijimraba.

Basi aliye na ile ya kwanza kabisa aitume kama faili, si kama picha, na aitunze. Akiba haiozi.