Alama ya Mkopo na Kifungu cha 35

Historia ya sheria za akili unde, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na data na kutoa maamuzi yaliyokuwa kazi ya binadamu (Watanzania wengi huiita akili mnemba), husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianzia Brussels, Agosti 2024, Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kuwa na nguvu. Masimulizi hayo yanaisahau biashara ya kukopesha kwa simu nchini Kenya, ambayo ilikwisha kukutana na masharti ya aina hiyo miaka kadhaa kabla, tena ikiwa haijajiandaa.

Biashara hiyo ilijengwa juu ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha iliyoanza Machi 2007. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Shwari, iliyotoa mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, na kiwango cha mkopo kikakadiriwa kutokana na kumbukumbu za matumizi ya simu ya mwombaji, bila ofisa wa benki kumhoji. Baadaye walikuja wakopeshaji wasio benki, Tala na Branch wakiwa miongoni mwao, ambao duka lao lilikuwa programu ya simu tu. Katika programu za namna hii mteja aliombwa ruhusa moja baada ya nyingine, ya kusoma meseji zake, kuona majina aliyoyahifadhi, kujua mahali alipo. Naye, kwa kuwa shida haikungoja, alibonyeza kukubali pasipo kusoma. Muda si muda mfumo ulikuwa umempa alama ya mkopo, ambayo ni tarakimu inayokadiria uwezekano wa mtu kulipa deni, na jibu likamfikia bila maelezo. Mama mboga aliyekataliwa hakuwa na dirisha la kwenda kuuliza kosa lake.

Kwa kuwa wakopeshaji hao hawakupokea amana, Benki Kuu ya Kenya haikuwa na mamlaka ya kuwapa leseni, na mwanya huo ulizaa tabia mbaya. Majina yaliyochukuliwa kwenye simu yaligeuzwa chombo cha kudaia, hata jamaa na waajiri wa mdaiwa wakapigiwa simu kuhusu deni wasilolijua. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka taarifa za wadaiwa CRB, yaani kwenye ofisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo, lakini bado haikuweza kuwagusa wenyewe.

Wakati huo sheria nyingine ilikuwa tayari vitabuni. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyoanza kutumika Novemba 2019, kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, na kinamtaka aliyeutoa amjulishe mhusika kwa maandishi, ili mhusika aweze kudai uamuzi mpya. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko biashara yenyewe ya kukopesha kwa simu: sheria ya Ufaransa ya Januari 1978 ilikataza mahakama kuhukumu mwenendo wa mtu kwa kutegemea uchakataji wa kompyuta pekee, kisha wazo likapanuliwa katika mwongozo wa Ulaya wa 1995 na kanuni ya 2016, likavuka bahari hadi Nairobi na, kwa sheria ya 2022, hadi Tanzania.

Desemba 2021 hatimaye Benki Kuu ilipata mamlaka, na kanuni za Machi 2022 ziliwapa wakopeshaji miezi sita kuomba leseni. Waombaji walikuwa 288. Muda ulipokwisha Septemba, waliopata walikuwa 10, na wengi wa waliosalia, kwa maelezo ya Benki Kuu yenyewe, walikuwa hawajakamilisha nyaraka. Hapo ndipo kiini cha maandalizi kilipo, ingawa wanaouza ushauri wa sheria hupenda kukitafuta kwenye teknolojia. Kampuni iliyoweza kukokotoa alama za watu wengi kwa siku ilitakiwa kuonyesha kwa karatasi fedha zake zimetoka wapi, bei yake ikoje, malalamiko yanashughulikiwa na nani, na data za wateja zinalindwa vipi.

Yaliyofuata Ulaya yaliubana zaidi uamuzi uleule wa mashine. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililohusu SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayouza alama za mikopo, iliamua kwamba kuitoa alama kwenyewe ni uamuzi wa mashine endapo mkopeshaji anaitegemea mno. Sheria ya Akili Unde ya 2024 nayo imeorodhesha ukadiriaji wa uwezo wa mtu kukopesheka miongoni mwa matumizi yenye hatari kubwa, yanayodai kumbukumbu za mfumo, ubora wa data na usimamizi wa binadamu.

Sharti hilo la mwisho, ambalo kifungu cha 35 kinalidai kwa njia yake, ndilo gumu zaidi kwa mkopeshaji wa Nairobi. Mteja akidai ombi lake liangaliwe upya, lazima awepo mtu anayeielewa alama na mwenye mamlaka ya kuitengua, na biashara iliyopata faida kwa kumwondoa ofisa wa mikopo inalazimika kumtafuta tena na kumlipa mshahara.