Maji Machache, Kazi Nyingi: Historia Fupi ya Matangi Madogo ya Samaki



Mhariri alipoomba makala ya historia, bila shaka alitazamia habari za mabweni, za mpira na za walimu wetu waliotangulia mbele ya haki. Atanisamehe. Katika mkutano wetu uliopita lilizuka ombi la Chama cha Sayansi cha wanafunzi, waliotaka tuwachangie matangi sita ya samaki, ya lita 10 kila moja, yawekwe maabara. Wajumbe wengi waliitikia upesi, kwa hoja kwamba kitu kidogo ni rahisi kukitunza. Mimi nimefuga samaki kwa miaka mingi, na kabla fedha hazijatoka naona ni haki tuitazame hoja hiyo kwa historia ya jambo lenyewe.

Wachina walifuga samaki wa dhahabu katika mabwawa na vyungu karne nyingi kabla ya kioo kuwa rahisi. Huko Messina, Sicily, mwanamke Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo mwaka 1832 ili amchunguze mnyama mmoja wa jamii ya pweza. Lakini swali la jinsi ya kumweka samaki bila kumwaga maji yake kila mara lilijibiwa London na mkemia Robert Warington. Alichukua chombo cha lita 55 hivi, akatia mchanga, mawe, mmea wa majini uitwao Vallisneria na samaki wa dhahabu wawili. Mmea ukawapa samaki oksijeni, nao samaki wakaurutubisha mmea. Baada ya muda majani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Warington akatia konokono wachache, wakala uozo ule, na maji yakang'aa tena. Aliwaeleza wanakemia wenzake habari hiyo mwaka 1850.

Kodi ya kioo ilikuwa imekwisha kufutwa Uingereza mwaka 1845. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kilicholieneza neno "aquarium". Kila sebule ya wenye nafasi ikataka tangi. Mtindo huo ulififia miaka ya 1860, na sishangai.

Maana lilikuwapo jambo ambalo Warington hakuweza kuliona. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia mashavu yake, nayo ni sumu. Bakteria wanaokaa juu ya mchanga na mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa na ambayo mimea huila. Kazi ya bakteria hao ilielezwa vizuri na Mrusi Sergei Winogradsky karibu na mwaka 1890. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Huchukua wiki nne mpaka sita kuwapata.

Sasa vijana wapige hesabu. Samaki mmoja akifa usiku katika tangi la lita 200, sumu yake husambaa katika lita 200. Akifia katika lita 10, sumu ile ile huwa kali mara 20. Jua la saa nane likipiga dirishani, maji machache hupata moto upesi, na usiku hupoa upesi vile vile. Lita moja ikikauka katika lita 10, chumvi yote hubaki katika lita tisa. Maji mengi humpa mfugaji muda wa kugundua kosa. Machache hayampi. Ndiyo maana sipendi kabisa bakuli la duara la samaki wa dhahabu, ambaye akitunzwa vema hupita sentimita 20. Jiji la Roma lilipiga marufuku mabakuli hayo mwaka 2005.

Hata hivyo nawaelewa vijana. Tangi dogo hukaa mezani, nawe unainama na kuuona uso wa samaki. Tena samaki wawili wadogo wanaofaa kabisa ni wa kwetu. Wa kwanza ni Nothobranchius guentheri wa Unguja, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1893, mwenye urefu wa sentimita tano hivi. Huishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wote hufa, lakini mayai yao hubaki katika tope yakingoja mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta! Wa pili ni Neolamprologus multifasciatus wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Jike lake hufika sentimita tatu tu, na nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Nimekaa saa nzima nikimtazama akibeba mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, kumsogezea jirani.

Mtu atadhani kwamba, kwa kuwa wote ni wadogo, wote watastahimili tangi dogo. Sivyo. Wa Unguja amezoea dimbwi linalochemka mchana na kupoa usiku. Wa Tanganyika ametoka katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake hayabadiliki ovyo. Zaidi ya hayo, maji ya ziwa hilo yana besi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Kombe lake ni dogo, lakini ziwa linalolizunguka si dogo.

Kwa hiyo shauri langu kwa kamati ni hili. Matangi sita ya lita 10 ni lita 60. Tununue tangi moja la lita 60, linalozidi kidogo lile la Warington, na kando yake moja la lita 10. Yote mawili yakae wiki sita bila samaki, yakiwa na mimea na konokono. Wanafunzi wapime joto asubuhi na saa nane, waandike ukutani. Wakiisha kuona mistari miwili ya joto ilivyoachana, wao wenyewe waamue samaki yupi aingie wapi. Kipimajoto cha kwanza nitakitoa mimi.