Living Colour, "Vivid" (1988): Albamu ya ile ngoma ya CM Punk

Kama wewe si wa mieleka, basi uliskia hii ngoma kwa GTA San Andreas, pale Radio X, ukihepa karao na gari si yako. Na kama wewe ni wa mieleka, gitaa likilia tu unajua CM Punk ako njiani. Inaitwa "Cult of Personality", na wasee wengi huishia hapo. Sasa hiyo ni namba moja tu kati ya ngoma 11 za "Vivid", albamu ya kwanza ya Living Colour, bendi ya roki nzito kutoka New York.

Kwa hii albamu walikuwa wasee wanne, wote weusi: Vernon Reid kwa gitaa, Corey Glover kwa sauti, Muzz Skillings kwa besi, Will Calhoun kwa dramu. Reid ndiye aliianzisha. Alizaliwa London, wazazi wake ni wa Karibea, akalelewa Brooklyn. Glover labda ushamwona bila kujua, ako ndani ya "Platoon", ile muvi ya vita vya Vietnam ya 1986.

Noma ilikuwa hivi. Miaka hiyo lebo kubwa za Marekani zilitaka msee mweusi aimbe R&B ama arap. Gitaa la kelele liachiwe wazungu. Yaani roki, yenye ilipikwa na kina Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Little Richard! 1985, Reid, mwandishi Greg Tate na produsa Konda Mason wakaunda Black Rock Coalition, muungano wa wasanii weusi waliochoka kuambiwa muziki gani ni wao na gani si wao.

Mwenye aliwafungulia mlango ni Mick Jagger wa Rolling Stones. Reid alikuwa amempigia gitaa kwa albamu yake "Primitive Cool". Jagger akawaona wakipiga CBGB, klabu ya New York, akawatengenezea ngoma mbili: "Glamour Boys" na "Which Way to America?". Epic ikawasaini, Ed Stasium akasimamia zile zingine, na Mei 1988 "Vivid" ikatoka. Mimi hapo huniuma kidogo. Ilibidi staa mzungu awashike mkono ndio waskizwe kwa muziki wa babu zao.

Ilianza polepole. MTV walipoanza kuzungusha video ya "Cult", albamu ikapanda hadi namba 6 Billboard mwaka wa 1989, ikauza zaidi ya milioni mbili Marekani. 1990 wakabeba Grammy ya roki nzito, mwaka wa kwanza hicho kitengo kusimama peke yake.

Na "Cult" haihusu mieleka hata kidogo. Inafunguliwa na sauti ya Malcolm X, halafu inawaweka Mussolini, Kennedy, Stalin na Gandhi kwa sahani moja. Inaongelea venye watu huabudu kiongozi, awe poa ama muuaji. Kama ushawahi kusimama kwa mkutano wa siasa, rada unayo.

"Glamour Boys" inacheka wale mabuda wa kupiga luku na kupati kila siku na hakuna mtu anajua doo hutoka wapi (unawajua). Kwa "Funny Vibe" wako na Chuck D na Flavor Flav wa Public Enemy, na stori ni ya kuangaliwa kama mwizi juu ya rangi yako. "Broken Hearts" ruka tu, sitakuambia uongo.

Lakini ya kwangu ni namba 5, "Open Letter (to a Landlord)". Mpangaji anamwandikia mwenye nyumba, mtaa unabomolewa, watu maskini wanasukumwa nje ndio wenye pesa waingie. Inaanza taratibu, Glover anaimba kama ako kanisani, halafu gitaa linaingia na hasira yote. Iskize na earphone, sauti juu, kama notisi ya rent iko kwa mlango ndio bora zaidi.