Sare Nyeupe na Kopo la Bure: Ushawishi Usiotamkwa katika Matangazo ya Maziwa ya Watoto

Mwanafunzi wa Kiswahili akipewa tangazo la chakula alichambue, orodha yake huwa tayari: chuku, takriri, sifa za kupamba, kaulimbiu fupi. Uchambuzi huo una faida yake, ila huanza wakati kazi kubwa ya ushawishi imekwisha kufanyika. Makala haya yanadai kwamba katika matangazo ya chakula, maneno mara nyingi ndiyo sehemu dhaifu. Nguvu imo katika nani anasema, anasemea wapi, na msikilizaji anaachiwa nini mkononi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yanalithibitisha hilo.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu cha Mike Muller, *The Baby Killer*, kuhusu namna kampuni za maziwa hayo, Nestlé ikiwamo, zilivyoyauza katika nchi maskini. Mabango na matangazo ya redio yalikuwapo. Lakini walikuwapo pia wauzaji waliovaa sare za kiuguzi, wakiwafuata akina mama hospitalini na hata majumbani. Katika sare nyeupe kuna chuku gani? Hakuna hata neno moja la kupigia mstari. Aristotle, alipoeleza ushawishi unaotokana na hadhi ya msemaji, alitaka hadhi hiyo ijengwe na hotuba yenyewe. Hapa iliazimwa kliniki: muuzaji alipofungua kinywa, mama aliisikia hospitali.

Kopo la bure lilikwenda mbali zaidi. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya; mtoto akishibishwa kwa chupa, matiti nayo hupunguza. Zawadi inapokwisha, maziwa yamepungua na dukani hakukwepeki. Bango humwomba mtu aamini jambo, lakini sampuli haina haja na imani yake, kwa kuwa inaubadilisha mwili wenyewe. Kisha mama asiye na fedha huzimua unga ili udumu, na pasipo maji safi mtoto huharisha. Kampuni zilijitetea kwamba bidhaa haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa katika matumizi. Utetezi huo nao ni mbinu ya ushawishi, tena ya werevu, kwa sababu unamhamishia lawama yule yule aliyeshawishiwa. (Wako akina mama wanaoyahitaji maziwa hayo kweli, hoja yangu haiwagusi.)

Mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Isomeke kama kazi ya uhakiki. Inakataza matangazo kwa umma, sampuli kwa akina mama, watumishi wanaolipwa na kampuni ndani ya vituo vya afya, na picha za watoto kwenye makopo ya maziwa ya wachanga. Sehemu kubwa ya makatazo hayo haihusu maneno kabisa. Walioitunga walilielewa tangazo kuliko wengi wetu tunaofundisha sajili ya matangazo. Kenya iliingiza masharti ya aina hiyo katika sheria yake ya mwaka 2012.

Mbinu, hata hivyo, hazikufa. Maziwa ya watoto waliovuka mwaka mmoja hutolewa katika kopo la rangi, nembo na umbo lile lile, tofauti ikiwa tarakimu tu: 1, 2, 3. Anayetangaza namba 3 huwa ameitangaza namba 1 bila kuitaja. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba maziwa yanayouzwa kwa watoto hadi miaka mitatu yahesabiwe pia kuwa vibadala.

Walimu wenzangu, tusiwape wanafunzi kaulimbiu iliyokatwa gazetini peke yake. Tuwape kopo zima, na swali la kwanza liwe: ni nani aliyelileta, na amelipwa na nani?